Neno Lililobaki Peke Yake

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chapchap alikuwa na kazi tatu: kuosha vyombo, kufagia chumba, na kupiga pasi aproni ya mama yake. Zote tatu alizimaliza kabla majirani hawajamaliza kupiga mswaki. Vyombo viling'aa kwa juu, ila ukivigeuza ulikuta masizi. Sakafu ilikuwa safi mpaka pale uvungu wa kitanda unapoanzia. Aproni nayo ilinyooka vizuri sehemu ya mbele, lakini kamba za kufungia nyuma zilibaki na mikunjo kana kwamba zimetafunwa na mbuzi.

"Na huku nyuma?" mama yake aliuliza kila siku, akizinyoosha kamba kwa vidole.

"Kwani wageni wanaangalia mgongo, mama?"

Mama alicheka, akaifunga aproni hivyo hivyo, akaenda kazini. Jina la Chapchap lililoandikwa kwenye daftari la mahudhurio lilikuwa jingine kabisa, lakini hata walimu walishalisahau. Alikuwa na miaka kumi na tatu, mwandiko wa kupendeza, miguu myepesi, na haraka ya mtu aliyeacha chungu motoni.

Mama yake alikuwa mtu wa aina nyingine. Alikuwa mhudumu katika ukumbi wa chakula wa hoteli moja ya ghorofa mbili, na kwa miaka kumi na moja hakuwa amevunja hata glasi. Hakuondoka mezani kabla ya kurudia oda mbele ya mgeni, neno kwa neno. Akifika jikoni, aliirudia tena kwa mpishi mkuu kupitia dirisha dogo la kupitishia sahani. Wenzake walimtania kwamba hata akiagizwa maji ya moto atataka shahidi. Yeye hakujali. Tangu baba yake Chapchap afariki, kazi ile ndiyo iliyowalisha na kumsomesha mtoto, na mama aliishika kwa mikono miwili.

Siku moja alirudi nyumbani na uso usiokuwa wake. Alikaa kitandani bila kuvua viatu.

"Wageni wanakuja," alisema. "Wahandisi wa lile daraja jipya. Watakula kwetu miezi minane, na wanasema Kihispania tu. Mkalimani wao ni mmoja, na huyo atashinda kwenye ujenzi na wakubwa."

"Sasa?"

"Sasa meneja anataka tujue majina ya vyakula na maneno ya mezani. Ametupa mwezi mmoja. Asiyeweza hamwachi ukumbini. Mwanangu, mimi shule niliishia darasa la nne. Hicho Kihispania nakitoa wapi?"

Chapchap alitabasamu kwa fahari. Shuleni kwao kulikuwa na klabu ya Kihispania iliyokutana kila Jumatano baada ya masomo, naye alikuwa ameandikisha jina lake. "Ondoa shaka, mama. Nitakuandikia maneno yote. Si mimi nipo?"

Mama alimtazama kwa macho ya mtu aliyetua mzigo. Macho hayo Chapchap hakuyasahau tena.

Jambo ambalo mama hakulijua ni kwamba Chapchap alikuwa amehudhuria klabu ile mara moja tu. Siku hiyo mwalimu aliandika ubaoni maneno mawili, "No sé", akasema maana yake ni "sijui".

"Kwenye lugha ngeni tunaanza na hili," mwalimu alisema. "Litawasaidia kuliko mnavyodhani. Semeni wote."

Walisema wote. Chapchap alimnong'oneza jirani yake, "Yaani nimeacha netiboli nije kufundishwa kutojua? Kutojua mbona najua tayari." Jumatano iliyofuata alikuwa uwanjani akidaka mpira, na Jumatano zote baada ya hapo.

Wiki ya kwanza mama alipouliza, Chapchap alisema mwalimu alikuwa anaumwa. Wiki ya pili alisema daftari liko kwa mwalimu. Wiki ya tatu mama hakuuliza. Alisema tu, huku akimenya viazi, "Zimebaki siku tisa. Wenzangu wote wananitegemea mimi. Nimewaambia binti yangu anasoma."

Kesho yake wakati wa mapumziko, Chapchap alimwendea Miwani, msichana wa darasa lao aliyepewa jina hilo kwa sababu ya miwani yake minene, na ambaye hakuwahi kukosa klabu hata siku moja.

"Nipe daftari lako la Kihispania. Dakika kumi tu."

"Dakika kumi kwa maneno arobaini? Kaa nikusomee, uelewe moja moja."

"Muda huo sina, dada yangu. Lete."

Daftari la Miwani lilikuwa na safu mbili. Kushoto kulikuwa na maneno ya Kihispania, kulia maana zake. Mtu mwingine angenakili mstari kwa mstari, neno na maana yake, neno na maana yake. Chapchap aliona huo ni mwendo wa konokono. Alishuka na safu nzima ya kushoto kwanza, kwa penseli, kisha akarudi juu na kushuka na safu ya kulia. Mkono ulikuwa unakimbia, macho yakitazama mlangoni kila mara kama kengele itapigwa. Alipofika chini, penseli ilisimama.

Kushoto kulikuwa na neno moja la mwisho, "pimienta". Kulia maana zilikuwa zimekwisha. Neno lilibaki peke yake.

Chapchap alielewa, na tusimsingizie kwamba hakuelewa. Ukipanga sahani na vijiko, sahani moja ikakosa kijiko, unajua kuna kijiko kimeanguka mahali. Katika safu ya kulia alikuwa ameruka maana moja, na kuanzia hapo kila neno lilikuwa limevaa maana isiyo yake. Kupata mahali penyewe kulihitaji kurudi mwanzo. Kengele ikalia, na Miwani akanyoosha mkono wake.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza," alisema Chapchap. Alichukua kifutio, akalifuta lile neno la mwisho, akapuliza vumbi. Sasa safu mbili zilikuwa sawa.

Jioni ile alihamishia maneno kwenye karatasi kubwa ngumu kwa kalamu za rangi, Kihispania kwa bluu na Kiswahili kwa nyekundu. Ilipendeza kweli. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu.

"Na umeyahakiki yote?"

"Yote, mama."

Kwa siku zilizobaki mama alisoma akipika, alisoma akifua, alisoma akimsubiri Chapchap amalize kuoga. Wakila, Chapchap alimtajia neno, naye akataja maana.

"Agua?"

"Maji."

"Pan?"

"Mkate."

"Sin?"

"Bila. Sin sal, bila chumvi."

"Maní?"

"Viazi."

"Papas?"

"Vitunguu."

"Umepata yote, mama. Tutakupeleka chuo kikuu."

Alipoyashika yote, mama aliibandika karatasi ile ukutani jikoni hotelini, kando ya dirisha la sahani, ili wahudumu wenzake watatu nao wasome. Nakala nyingine haikuwapo. Mpishi mkuu, mwanamume mnene ambaye hakuwa na tabia ya kusifu kitu, aliitazama akasema, "Mtoto ana mwandiko." Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Wageni walifika siku ya Ijumaa. Mama alirudi akicheka tangu mlangoni.

"Leo kuna mmoja kaagiza papas. Nikampelekea sahani ya vitunguu vya kukaanga. Akaitazama sahani, akanitazama mimi, akacheka mpaka akafuta machozi, halafu akala vyote. Watu wana mambo yao."

Chapchap naye alicheka, lakini tonge alilirudisha kwenye sahani. Nani anaagiza sahani nzima ya vitunguu? Alilikumbuka lile neno lililobaki peke yake. Alifungua mdomo. Mama alikuwa amevua viatu, amenyoosha miguu, anacheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi ulipoanza. "Nitaangalia kwenye daftari la Miwani Jumatatu," Chapchap alijiambia, akaufunga mdomo. Ni siku mbili tu, na vitunguu havijamwua mtu.

Jumamosi mchana alikwenda kumpelekea mama aproni ya kubadilisha. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akasimama karibu na masinki ya kuoshea vyombo, kati ya makreti ya soda. Kutoka hapo, kupitia dirisha la sahani, aliona meza tatu za ukumbi. Kwenye meza ya katikati alikaa mwanamke kijana mwenye nywele fupi na shingo iliyobabuka kwa jua. Alikuwa mpima ardhi wa wale wahandisi, na vumbi la kazi lilikuwa bado kwenye buti zake. Alionyesha kidole kwenye menyu, kuku wa mchuzi. Kisha akaweka kiganja kooni, akasema polepole, kama mtu aliyezoea kutoeleweka, "Sin maní, por favor. Sin maní."

"Sin maní," mama alirudia.

Mgeni alikubali kwa kichwa. Mama akarudia mara ya pili, mgeni akakubali tena. Chapchap alijisikia vizuri kumwona mama yake akizungumza vile mbele za watu.

Mama alikuja dirishani. "Kuku wa mchuzi, mmoja. Bila viazi. Nimerudia mbele yake mara mbili, mpishi, asione kiazi hata kimoja."

Mpishi mkuu alichukua kijiko, akavitoa viazi kimoja kimoja. Mchuzi wenyewe, ule mzito wa karanga za kusaga, aliumwagia kuku mpaka ukafunika nyama. Kwa rangi ulifanana na mchuzi mwingine wowote. Mama aliibeba sahani kwa uangalifu, kama kawaida yake.

Mpima ardhi alikula kijiko cha kwanza huku akizungumza na wenzake. Alikula cha pili. Cha tatu hakukimaliza. Alikohoa, akashika shingo, akasimama ghafla na kiti kikaanguka nyuma yake. Midomo yake ilikuwa inavimba, na kifua chake kilitoa sauti nyembamba ambayo Chapchap hakuwahi kuisikia kwa mtu. Mwenzake mmoja aliumwaga mkoba wa mpima ardhi mezani akitafuta dawa. Zikaanguka kalamu, funguo, na futi ya kupimia. Dawa haikuwamo. Walimbeba mpaka kwenye gari, na buti moja ikabaki sakafuni.

Mama alisimama na trei tupu kifuani.

Baada ya muda meneja aliingia jikoni na simu mkononi. Alikuwa ametoka kuongea na mkalimani.

"Maní ni karanga," alisema kwa sauti ya chini. "Yule mgeni ana aleji ya karanga. Mwili wake haupokei hata punje moja. Amekwambia bila karanga, na wewe mwenyewe umerudia, ukumbi mzima umesikia. Halafu unampelekea mchuzi wa karanga?"

"Mimi nilishika maní ni viazi," mama alisema. "Kumbe nimeyachanganya. Maneno ni mengi, labda nimeyachanganya."

"Vua aproni. Sare utaileta Jumatatu."

Mama alijaribu kulifungua fundo nyuma ya kiuno. Zile kamba zenye mikunjo zilikuwa zimekazana. Mwishowe mpishi mkuu ndiye aliyemfungulia. Karatasi ya rangi ilikuwa pale pale, hatua tatu kutoka aliposimama Chapchap. Angeweza kuinyooshea kidole. Hakunyoosha. Alikuwa na hofu, na hofu ile ilimfunga miguu na ulimi.

Jikoni palifungwa ili sufuria zote zisuguliwe, na wageni wakapelekwa kula kwingine mpaka Jumatatu mchana.

Jumapili ilikuwa ndefu. Mhudumu mmoja alipita kuwaambia kwamba mpima ardhi bado amelazwa, anapumua kwa msaada wa mashine. Mama alimshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni, akarudi kukaa pale pale. Hakupika. Alasiri alimwita Chapchap.

"Nakuona hata chai hunywi. Usijilaumu, mwanangu. Wewe ulinifundisha vizuri. Ni kichwa changu hiki. Mtu wa darasa la nne na Kihispania, wapi na wapi."

Chapchap alitoka nje, akaenda nyuma ya bafu, akalia. Alilia kwa aibu, na kwa kumwogopa mama yake, na kwa sababu hata wakati ule alikuwa bado anatafuta namna ya kutosema.

Jumatatu aliwahi shuleni kuliko mtu yeyote. Miwani alipofika, aliliomba lile daftari, na mapumziko yalipofika akaketi nalo. Safari hii alisoma mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi. Mistari mingi ya juu ilikuwa sawa. Kisha akafika.

Kwa Miwani, "queso" ilikuwa jibini, "frijoles" maharage, "maní" karanga, "papas" viazi, "cebolla" vitunguu. Neno jibini ndilo alilokuwa ameliruka. Hivyo kwenye karatasi yake "queso" ilichukua maharage, "frijoles" ikachukua karanga, "maní" ikachukua viazi, na yote yaliyofuata yakasogea hivyo hivyo mpaka chini, mpaka "pimienta" ikakosa cha kuchukua.

Alimweleza Miwani. Miwani alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Na ile karatasi iko wapi sasa?"

"Ukutani. Jikoni, hotelini."

Alipojisikia akisema hivyo, alisimama ghafla. Mama alikuwa ameondolewa, lakini karatasi haikuondolewa. Leo mchana wageni wanarudi kula. Wahudumu watatu watasimama mbele yake wakijikumbusha, maní, viazi. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo.

Alimkuta mwalimu wa Kihispania mlangoni mwa ofisi, akamwambia yote bila kupumzika. Mwalimu hakumgombeza. Alisema, "Nenda sasa hivi. Nikimaliza kipindi nakufuata."

Nyumba yao ilikuwa njiani. Mlango ulikuwa wazi, na mama alikuwa anapiga pasi sare ya kurudisha. Alikuwa amefika kwenye kamba za aproni, akizinyoosha taratibu.

"Mama, hukuchanganya," alisema Chapchap. "Mimi ndiye niliyeandika vibaya. Nilinakili kwa haraka. Neno moja la mwisho likakosa maana, nikajua nimekosea, nikalifuta. Ijumaa uliposema habari ya vitunguu nikajua tena. Sikusema."

Alingoja kofi. Alingoja kelele. Mama alikuwa amesimama na pasi mkononi, na usoni mwake yalipita mambo mengi kwa muda mfupi. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Ile karatasi bado iko ukutani?"

"Ndiyo, mama."

Mama aliiweka pasi chini, akaizima, akatoka na ndala za nyumbani. Hata kitenge alichojifunga hakukibadilisha. Chapchap, aliyezoea kuwaacha watu wote nyuma, siku hiyo alikimbia ili amfikie mama yake.

Jikoni sufuria zilikuwa tayari motoni. Mhudumu mmoja alisimama mbele ya karatasi, midomo ikicheza. Mama alimpita, akaichana karatasi kutoka ukutani, gundi na rangi ya ukuta vikaja pamoja nayo.

"Wewe si uliambiwa..." mpishi mkuu alianza.

"Usipakue kitu mpaka niseme ninachotaka kusema. Mwite meneja."

Meneja alikuja. Mama alimsukuma Chapchap mbele, bila ukali, na Chapchap akasema yote kwa mara ya nne asubuhi ile. Mara ya nne haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Alipofika kwenye kifutio, sauti ilimkatika, akaanza tena.

Meneja alimtazama. "Kwa hiyo mtu yuko hospitalini kwa sababu ya kifutio," alisema.

"Na kwa sababu yangu," mama alisema. "Mtoto aliandika, lakini mimi ndiye niliyebandika. Oda za kuku narudia mara mbili, na karatasi hii sikumsomea mtu yeyote anayejua."

Mpishi mkuu alizima jiko. "Na sisi je?" alisema. "Hoteli nzima ilimwachia mtoto wa shule kazi ya watu wazima, tukabaki kusifu mwandiko. Bosi, wewe ulituletea mwalimu?"

Meneja alitazama chini. Mwalimu wa Kihispania alipowasili akihema, walikaa wote kwenye meza ya jikoni. Karanga zote zilitolewa na kufungiwa stoo. Mwalimu alikubali kuja kuwafundisha wahudumu mara mbili kwa wiki. Kuhusu mama, meneja alisema hawezi kumrudisha ukumbini wakati mgeni bado yuko kitandani. Ataosha vyombo kwa miezi mitatu, kisha afanye mtihani mbele ya mkalimani, kama wenzake.

"Nitaosha," alisema mama.

Siku ile ile jioni habari zilikuja kwamba mpima ardhi ametolewa kwenye mashine. Alhamisi alirudi hotelini, amekonda usoni, sauti imekwaruza. Alipoelezwa yaliyotokea, aliomba kumwona mtoto.

Walikutana ukumbini baada ya chakula cha mchana. Mkalimani alikaa katikati. Mama alisimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ikiwa bado na povu. Chapchap alisema kwa Kihispania alichofundishwa na mwalimu, "Lo siento mucho." Nisamehe sana. Mwanamke yule alimsikiliza, akaongea kwa muda mfupi.

"Anasema alikasirika," mkalimani alieleza, "na bado ana hasira. Anasema alidhani anakufa mbali na mama yake. Hataki zawadi wala machozi. Anataka orodha iandikwe upya, hapa, mbele yake."

Mpishi mkuu alileta vitu kwenye trei, kipande cha jibini, maharage, kiazi, kitunguu, kijichupa cha pilipili manga, na vitu vingine vya orodha. Karanga alizileta ndani ya chupa ya kioo iliyofungwa, akaiweka kwenye meza ya mbali. Mpima ardhi alinyooshea kidole kitu kimoja baada ya kingine, akitaja. Chapchap aliandika neno, akaandika maana, akarudia kwa sauti, akangoja mgeni akubali, ndipo akashuka mstari. Ilichukua saa nzima. Mkono wake haukuwahi kwenda polepole hivyo.

Kidole kilipofika kwenye chupa ya mbali, mwanamke yule alisema "maní", akaweka kiganja kooni. Chapchap aliandika "karanga" kwa herufi kubwa.

Kisha mgeni alichukua kijiti cha meno kutoka mezani, akakiinua. "¿Y esto?" aliuliza. Na hiki je?

Watu wote walimtazama Chapchap. Neno hilo halikuwamo kwenye daftari la Miwani. Kichwani mwake yalimpitia maneno mawili matatu yaliyosikika kama yangefaa, na Chapchap wa wiki iliyopita angelitupa mojawapo bila kupepesa macho.

"No sé," alisema.

Mpima ardhi hakutabasamu. Alitikisa kichwa mara moja, kukubali. "Palillo," alisema taratibu, akangoja mpaka lilipoandikwa.

Neno la mwisho lilikuwa "pimienta". Mkabala wake Chapchap aliandika "pilipili manga", na safu mbili zikaishia mstari mmoja.

Baadaye alimfuata mama kwenye masinki. Mama alikuwa anasugua sufuria kubwa, aproni ya plastiki imelowa mpaka magotini. Alisogea, akampisha nafasi pembeni yake.

"Nisikilize," alisema. "Kuruka mstari ni jambo la binadamu. Hata mimi naweza kuruka. Lakini lile neno lilipobaki peke yake lilikuwa linakuita urudi, na wewe ukalifuta ili lisikuite. Hapo ndipo lilipoacha kuwa kosa likawa uongo. Na uongo ule haukukaa kwenye karatasi, mwanangu. Uliingia kwenye sahani ya mtu." Alisuuza mkono. "Kazi ya haraka isiyo ya kweli kuna mtu atailipia, na mara nyingi hatakuwa wewe. Ukikosea, sema mapema. Usipojua, sema hujui. Leo umelisema mbele ya watu, na mimi nimefurahi kuliko siku uliyoniletea maneno thelathini na tisa ya rangi."

Chapchap alichukua sufuria iliyofuata, akaigeuza, akaanza kusugua chini.

Miezi mitatu haikukimbia. Mikono ya mama ilichubuka kwa sabuni, na kuna wahudumu walioendelea kumtazama kwa pembe ya jicho. Lakini siku ya mtihani alikaa mbele ya mkalimani na meneja, akajibu maneno karibu yote, na matatu asiyoyajua akasema hayajui, akaomba aambiwe. Kesho yake alirudi ukumbini. Asubuhi hiyo Chapchap nusura achelewe shule. Alikuwa bado anapiga pasi kamba za nyuma.